Mashua ya Dunga: usukani umeanza kujishika

Kalafati ya kuziba nyufa imeshika, rangi imekauka, na maji ya ngamani, chini kabisa ya chombo, hayatishi tena. Mwili wa chombo basi. Kazi ya sasa ni kukifanya kikalike, maana nia ni ile ile: kutoka Dunga, ufukwe wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, hadi kisiwa cha Mfangano kwa tanga tupu, tule na tulale humo humo mpaka turudi Kisumu.

Usukani ndio ulionila muda. Mabaharia wa bahari kuu wana raha ambayo sisi wa ziwani hatuna: pepo za biashara huvuma upande mmoja wiki baada ya wiki. Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, alivuka hadi visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi kwa siku 23, usukani ukiwa umefungwa karibu safari nzima. Ghuba ya Winam haina huruma hiyo. Alfajiri umande, yaani upepo wa nchi kavu, hukusukuma ziwani. Mchana upepo wa kusini-magharibi unakurudisha ulikotoka. Kwa hiyo tutang'oa nanga usiku, na jua likipanda tujibanze Kendu Bay au Homa Bay.

Hata hivyo nimejaribu kuufanya usukani ujishike. Demani, kamba ya kulishika tanga, nimeipitisha kwenye kapi hadi mkono wa usukani, upande unakotoka upepo. Upande wa pili nimefunga tyubu ya baiskeli. Upepo ukizidi, demani inavuta mkono na omo, pua ya mashua, inaacha kukimbilia upepo. Ukilegea, tyubu inaurudisha. Umande ulipovuma kwa utulivu, mashua ilishika njia nikiwa nachemsha chai. Fundi akaitazama ile tyubu, akaniambia, "Kijana, hii itafanya kazi mpaka ukutane na gugumaji."

"Basi mzee, nichongee usukani unaoinuka."

Anauchonga.

Jiko la makaa nimeliweka ndani ya sanduku la mchanga, na bati la kukinga upepo. Chai, uji na samaki vinapikika tukiwa mwendoni. Ugali hapana: unataka mikono miwili na sufuria isiyocheza, utasubiri nanga. Maji ya kunywa tutabeba kwa jerikani kutoka nyumbani. Ya ziwani hayana chumvi, lakini hayaingii kinywani bila kuchemshwa, na kuogea kwenye matete ya ufukweni ni kujitafutia kichocho.

Kulala ni kwa zamu ya saa tatu tatu, mimi na binamu yangu. Yeye anataka tuondoke sasa hivi, mwezi ukiwa umefifia. Nimekataa. Usiku wa giza ndio wavuvi wa omena huwasha taa zao, na gizani nyavu hazionekani mpaka umezipanda. Tutangoja mbalamwezi.

Bado taa ya mlingotini, majaketi ya kuokolea, na nanga yenye makucha mapana zaidi. Hii niliyo nayo inateleza kwenye matope ya Dunga.