Suruali kumi na moja za Memorial

Hisabati niliirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, miaka sita baada ya kumaliza kidato cha nne, na safari hii nimepata C. Kukokotoa hakukuwahi kunishinda. Maneno ndiyo yalikuwa yananiangusha. Nikisoma "faida isiyopungua 20,000" jicho linakamata "pungua", mkono unachora alama ya ndogo kuliko. "Isiyozidi" nayo naigeuza vilevile. Kumbe swali zima limekaa kwenye ile "si" ndogo ya katikati.

Mwanga niliupata sokoni Memorial, Moshi, nilikokwenda kuchukua jinzi za kuuza kwetu Himo. Nilikuwa na 60,000. Haisi kwenda na kurudi 4,000, mtori 3,000 (Memorial huizunguki na njaa), mbeba mzigo 1,000. Jinzi moja 4,500. Nikaandika nyuma ya daftari la madeni:

8,000 + 4,500n ≤ 60,000
n ≤ 11.56

Kwa mazoea ya darasani nikakadiria 12, nikaagiza 12. Muuzaji akahesabu hela. "Dada, hapa imepungua elfu mbili." Elfu mbili niliyobakiza ilikuwa nauli ya kurudi. Nichukue ya kumi na mbili, Himo niende kwa miguu! Nikabeba 11.

Kwenye haisi nikaendelea. Jumapili kikoba kilikuwa kinanidai rejesho la 20,000, na nilizoea faida ya 1,500 kwa kila suruali. Ukijumlisha ile 8,000 ya safari, ambayo mwanzoni niliisahau kabisa:

1,500n ≥ 28,000
n ≥ 18.67

Hapa unapandisha, zinatakiwa 19, maana 18 zinaleta 27,000 tu. Sasa nina 11 kwenye kiroba na hesabu inataka 19. Hakuna namba inayotosheleza masharti yote mawili. Zamani ningefuta nikidhani nimekosea. Safari hii nikageuza swali: idadi naijua, natafuta faida.

11f ≥ 28,000
f ≥ 2,545.45

Maana yake bei ya chini ni kama 7,100. Nikawa nataja 9,000 ili mteja apate pa kushukia. Mama mmoja aling'ang'ania 7,000 mpaka jua likazama. Tatu nilikuwa nimeshazitoa kwa 8,000, basi nikamwachia.