Siku moja maishani mwangu: sufuria ya alfajiri, dagaa, na mtoto wa shepadi

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Arusha mwezi wa saba si ya mchezo, lakini naamka. Nina mbwa wawili, Popi na Tarzani, na paka mmoja, Kiki, na chakula chao nakipika mwenyewe kwenye jiko la mkaa: mapafu na moyo wa ng'ombe, dagaa, wali, karoti iliyokwanguliwa. Kitunguu hakiingii kwenye sufuria ile, wala kitunguu saumu. Vyote viwili vinaharibu damu ya mbwa, na paka ndiye anayeumia zaidi.

Mapafu nayapasua kwanza, pande zote. Nikikuta kifuko chenye maji, hata kimoja, pafu lote linaenda shimoni na kufukiwa. Kile kifuko ni cha tegu. Mbwa akikila kibichi, tegu anakulia tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa uani ndiye anayekuja kupasuliwa ini miaka kadhaa baadaye. Kwetu huku kwenye mifugo mingi ugonjwa huo upo. Kwa hiyo hata mapafu yaliyo safi nayachemsha dakika 40, na mbwa wangu wanapewa dawa ya minyoo kwa ratiba.

Supu simwagi. Paka hawezi kuishi bila taurini, ambayo ni kirutubisho kilichomo kwenye nyama, hasa moyo, na ukichemsha nyingi inahamia kwenye maji. Ukimwaga yale maji umemwaga macho ya paka: akiikosa kwa muda mrefu anapofuka na moyo wake unatanuka.

Saa 1 asubuhi

Nafungua duka. Nauza vyakula vya mifugo: pumba, mashudu ya alizeti ya Singida, dagaa, chakula cha kuku, na rafu mbili za chakula cha mbwa na paka. Nilisoma mifugo chuoni Tengeru, na rafu hizo mbili ndizo zinazonipa maswali mengi kuliko magunia yote.

Leo kuna gunia jipya la dagaa wa Mwanza. Nazamisha mkono mpaka chini, natoa konzi moja, namwaga juu ya gazeti. Dagaa mzuri ni wa rangi ya fedha, anavunjika kwa sauti, ananukia ziwa. Aliyeanza kuwa mwekundu au wa njano mafuta yake yameshachacha. Chini ya gazeti natazama mchanga. Dagaa walioanikwa chini ufukweni wanabeba mchanga mwingi, walioanikwa kwenye chanja hawana. Gunia hili lina mchanga kidogo, nitalipepeta. Yule wa mchanga mwingi simpi hata kuku wangu, seuze mbwa wa mtu.

Saa 3

Mama mmoja jirani kaniletea mahindi yaliyonyeshewa, anauliza kama anaweza kuyasaga yawe ugali wa mbwa, kwa kuwa watu hawayataki. Punje zina ukungu wa kijani. Nimemwomba ayatupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika, na ini la mbwa ni jepesi kuharibika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na mbwa anayekula ugali huohuo kila siku, asubuhi na jioni, hana pa kukimbilia. Kisichofaa kwa watoto wako hakifai kwake.

Saa 4 na nusu

Kijana kaingia na mtoto wa mbwa aina ya shepadi mikononi.

"Shikamoo mama. Naomba DCP nusu kilo."

"Marahaba baba. Ya kuku?"

"Ya huyu. Mifupa yake haijakaa sawa."

DCP ni unga wa madini ya chokaa na fosforasi wa kuchanganya kwenye chakula cha mifugo. Nikamwomba amweke mbwa chini. Miezi minne, mzito, manyoya yanang'aa, macho mazuri. Lakini miguu ya mbele ilikuwa imepindia nje kama mtu anayejaribu viatu vilivyobadilishwa, na vifundo vimevimba. Alitembea hatua tatu, akaketi. Nikapiga magoti, nikamshika kifundo. Akaivuta miguu yake taratibu, hakulia.

Nikauliza anakula nini. Chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, kizuri tu. Na juu yake, wiki sita sasa, kijiko cha DCP asubuhi na kingine jioni, kwa sababu rafiki alimwambia shepadi bila chokaa masikio hayasimami.

Sikumuuzia. Nilimwambia hivi: mbwa aliyekomaa akila madini ya chokaa yaliyozidi, mwili wake unayakataa. Mtoto aliye chini ya miezi sita bado hajaweza. Utumbo wake unapokea kinachomiminwa, na mifupa inakua ovyo. Mfuko ule tayari una kipimo chake. Kijiko unachoongeza kwa upendo ndicho kinachompinda. (Na wale wanaolisha mtoto wa mbwa nyama tupu wanakosea upande wa pili: nyama ina fosforasi nyingi na chokaa kiduchu, mwili unaanza kujichotea chokaa kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe.)

Alinyamaza. "Nilikuwa namjali, mama." Najua. Ndiyo maana sikumgombeza. Nikampa namba ya daktari wa mifugo ninayemwamini, nikamwambia aende leo, asisubiri Jumatatu.

Saa 7

Makande, chai, dakika ishirini.

Saa 8

Dada mwenye paka anataka kujua kipi kina protini zaidi, kopo lililoandikwa asilimia 8 au mfuko ulioandikwa 27. Nachukua kalamu. Kopo lina maji asilimia 80, maana yake chakula chenyewe ni 20 tu, na 8 ndani ya 20 ni asilimia 40. Mfuko una maji 10, kwa hiyo 27 ndani ya 90 ni asilimia 30. Kopo limeshinda. Akashangaa kweli, na mimi napenda sana dakika ile mtu anapoanza kusoma lebo mwenyewe.

Nikamwonyesha na maandishi madogo nyuma: chakula kamili, au cha nyongeza tu? Vikopo vingi vya samaki wazuri ni vya nyongeza. Paka akivila peke yake miezi na miezi, atapungukiwa.

Saa 10 jioni

Mlinzi wa getini kaja kuuliza mfupa wa kumpa mbwa wake atafune usiku. Anataka kumchukulia mabaki ya mbuzi choma.

Hapa naongea polepole. Krismasi moja tulimpoteza Bosi, mbwa aliyenilelea watoto. Wageni walimrushia mifupa ya mbuzi choma chini ya meza. Mfupa uliopikwa unakauka na kupasuka vipande vyenye ncha. Siku ya pili alikataa maji, ya tatu tulimzika. Hakuna mgeni niliyemlaumu, hawakujua.

Kwa hiyo nampa kipimo changu: kandamiza ukucha kwenye kitu unachotaka kumpa. Ukucha ukiacha alama, meno yatasalimika. Usipoacha, jino litavunjika kabla ya mfupa. Pembe na kwato zinaanguka hapo. Kaondoka na kipande cha ngozi laini iliyokaushwa na karoti mbili kubwa, na ahadi kwamba atakaa naye karibu mpaka amalize.

Saa 2 usiku

Popi ni mzee, anapanda ngazi kwa shida. Bakuli lake la usiku lina dagaa waliosagwa, kwa ajili ya mafuta yao. Tangu nimwekee kila siku, naona asubuhi ananyanyuka bila kunung'unika.

Simu imelia. Ni kijana wa shepadi. Daktari kamwambia aache unga wa DCP kabisa, apunguze kidogo chakula, asimkimbize, warudi baada ya wiki tatu. Kaniuliza afanye nini na DCP iliyobaki nyumbani.

Nimemjibu ailete kesho, kuku wangu wanataga, nitaipima na kumrudishia hela yake.