Siku moja maishani mwangu: nauza bati Tandahimba, msimu ule hela ya korosho ilipochelewa

Hii ni siku moja ya mwezi wa pili 2019, nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi Tandahimba mjini. Kwa ambao hamuijui Mtwara, huku hatuna mwisho wa mwezi, tuna msimu. Korosho zinaanza kuokotwa mwezi wa kumi, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinalala ghalani, zinapigwa mnada, hela inaingia benki, hapo ndo watu wanaezeka, wanaoa, wanacheza watoto unyago. Msimu wa 2017/18 kilo ilivuka elfu 4, tukauza bati mpaka stoo ikabaki na vumbi. Uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma, Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba. Bei tamu, tulishangilia, ila malipo ni mpaka uhakikiwe kwanza kuwa korosho ni za shamba lako, na uhakiki una foleni yake. Wapo waliopata mapema. Wengi mwezi huo wa pili bado.

Saa 1 asubuhi

Chai kwa mama Asha. Vitumbua bei ileile mia ila vimekuwa vidogo, hakuna anayeuliza. Bodaboda wa kijiweni wanakunywa kwa daftari, na yeye unga kachukua kwa daftari, na mwenye unga nishamsikia anamlilia wa jumla kwenye simu. Yani mji mzima tunadaiana.

Saa 2 na nusu

Nafungua. Asubuhi yote mali inayotembea ni misumari tu, robo kilo, nusu kilo, maana mvua zinanyesha na watu wanapigilia bati za zamani. Mwaka jana muda kama huu nilikuwa nashusha bati za msauzi za rangi, watu wanagombania nyekundu.

Saa 4

Anakuja mzee mmoja wa Mahuta, mteja wetu wa miaka. Huyu analimbikiza, kila msimu analipia bati chache zinakaa stoo kwetu zimeandikwa jina lake kwa makapeni, zimefika 38, ilikuwa msimu huu amalizie 60 aezeke. Akakaa kwenye ndoo ya rangi, akanywa maji, akaniuliza habari za nyumbani moja moja mpaka nikajua kuna jambo.

"Mjukuu wangu, zile bati nataka mnunue kumi."

Kumbe mtoto wa dada yake kapata fomu wani, shule zimefunguliwa tangu Januari bado yuko nyumbani hana sare wala godoro la bweni, na kwa wenzetu Wamakonde mtoto wa dada ni wako, huwezi kusema nenda kwa baba yako. Korosho alipeleka, karatasi ya mzigo anayo mfukoni kaifunga kwenye nailoni, kanifungulia nikaisoma, kilo ziko sawa. Tatizo jina la benki na jina la kwenye karatasi vimepishana herufi moja, akaambiwa likarekebishwe, karekebisha, sasa anasubiri.

Nikampigia bosi. Bosi kasema hela ya kurudisha hamna, kama ana shida sana mpe saruji.

"Saruji niile?"

Nilicheka, na yeye akacheka, halafu tukanyamaza maana kweli tufanyeje. Bahati akaingia fundi mmoja anatafuta bati tatu za kiraka nyumba ya mtu. Dukani geji 30 ni elfu 20, mzee akamwambia mi nakupa kwa 15, hizo hapo zina jina langu. Fundi kalipa mbili keshi, ya tatu akasema ijumaa. Duka halikupata hata mia na mi ndo nimezitoa stoo kwa mikono yangu. Sikumwambia bosi, na naona nilifanya sawa. Mzee kaondoka na elfu 30, bodaboda ya Mahuta kamkopa.

Saa 7 mchana

Kwenye kivuli tuko watu kama nane. Simu ya mmoja ikalia meseji, wote kimya, tunamwangalia usoni. Akasoma, akasonya. Mtandao wa simu unamwambia ajiunge kifurushi cha usiku. Hiyo mizaha tulikuwa nayo kila siku, na wiki moja kabla jamaa mmoja ilimlilia ya benki kweli, akainuka bila kuaga mtu, wenye madaftari nyuma yake.

Saa 9

Kapita jamaa zamani akifanya kangomba, ile ya kununua korosho kwa kibaba wakati mtu ana njaa halafu anazipeleka ghalani kama zake. Alikopa, akanunua, na uhakiki unauliza shamba lako liko wapi. Hana shamba. Simuonei huruma sana, kawanyonya wengi, ila pia najua pale kijijini kwao nani mwingine alikuwa anatoa hela ya dawa usiku? Anasema afadhali angebaki na mbaazi. Nikamkumbusha 2017 India ilipobana kuingiza mbaazi bei ikaanguka vibaya huku kwetu. Akasema ah, achana na mimi.

Na kiboko kinachokuja ni salfa, dawa ya mikorosho. Mwezi wa tano miti inataka kupuliziwa, usipopulizia ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua, korosho hamna. Mtu ambaye hajalipwa msimu huu anaukosa na ule unaokuja, hapo ndo vyuma vinapokaza kweli, na hilo watu wa mjini hawalioni.

Saa 11 jioni

Bosi kaja kupiga hesabu. Mauzo elfu 23, yote misumari na kitasa kimoja. Akajikuna, akasema mdogo wangu mshahara chukua nusu, nusu nyingine chagua mali humu dukani kwa bei ya jumla. Akanionyesha bati. Nikamwambia kaka bati nampelekea nani, nipe misumari ya nchi nne mfuko mzima, mke wangu atakaa nayo gulioni auze kwa robo. Akabisha kidogo, ndo mali pekee inayotoka. Mwisho kanipa nusu mfuko na kopo la rangi ya bluu ambalo mpaka leo liko uvunguni.