Alhamisi moja Makumira, kati ya Kigiriki na wadi ya watoto

Saa 11:00 alfajiri naamka, wenzangu wa chumbani bado wamelala. Nusu saa hii nasoma Biblia bila kalamu wala daftari. Anayesomea uchungaji akifungua Neno kwa ajili ya mtihani na mahubiri tu, mwishowe anakuwa mpishi anayelala njaa.

Saa 1:30 ibada. Chuo chetu cha KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kiko hapa Makumira, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, tangu 1954. Kabla ya hapo kilikuwa Lwandai, kule Usambara. Asubuhi mawingu yakikaa mbali, Mlima Meru unaonekana wote.

Saa 2:30 Kigiriki. Leo ni Marko 5, habari ya Yairo, aliyemwomba Yesu aje kumponya binti yake, na yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemgusa Yesu njiani. Kuanzia mstari wa 25 hadi wa 27 Marko anapanga maneno saba ya kitenzi ambayo hayawezi kusimama yenyewe: akiwa na ugonjwa, akiwa ameteswa na waganga, akiwa amemaliza mali, hajapata nafuu, hali ikazidi kuwa mbaya, akasikia, akaja. Ndipo kinakuja kitenzi kikuu: aligusa. Mateso yote yale yanasomwa kwa pumzi moja, na pumzi inaishia kwenye vazi la Yesu. Nikiona kitu kama hiki nashukuru kwa kila jioni niliyokesha na majedwali ya vitenzi.

Saa 4:00 chai na mandazi. Haraka haraka.

Saa 4:30 homiletiki, somo la kuhubiri. Jumapili nitahubiri mtaa mmoja wa usharika wa jirani, somo ni hilohilo, kwa hiyo naleta muhtasari wangu. Darasa linagawanyika. Wengi wanataka nibaki na mwanamke, kwa sababu ndiye anayehubirika kwa urahisi. Mimi nimeshikwa na Yairo. Binti yake, wa miaka 12, yuko mahututi nyumbani, na Yesu amesimama njiani akiuliza nani amemgusa. Marko hasemi Yairo alifanya nini dakika zile. Naamini nusu ya watu wanaokaa kwenye mabenchi yetu wako mahali pale: wameshamwomba, wanaona mwingine anajibiwa kwanza.

Saa 8:00 mchana napanda bodaboda kwenda Nkoaranga, hospitali iliyo kwenye mteremko wa mlima, kwa mazoezi ya huduma ya kichungaji. Wadi ya watoto kuna bibi anauguza mjukuu.

"Bwana Yesu asifiwe, bibi."

"Amen, baba mchungaji. Umekuja wakati mzuri. Nikalie na huyu, nikamtafutie uji."

Bado sijabarikiwa, lakini huku kila anayekuja na Biblia ni mchungaji. Nikakaa. Mtoto akanishika kidole, akatazama dari, hatukuzungumza. Bibi alirudi na kikombe, akakoroga, akapuliza, akaonja kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha akamnywesha taratibu. Tuliomba baada ya uji kuisha.

Njiani kurudi likanijia lile agizo la mwisho la Yesu nyumbani kwa Yairo: apewe chakula. Nimelisoma tangu kipaimara, na kila mara nalipita nikikimbilia muujiza. Yule aliyemwita binti kutoka mautini anakumbuka kuwa ana njaa!

Saa 12:30 jioni maktaba. Vitabu vya ufafanuzi viwili, na Marko 11 pia, maana pale napo Marko anaweka habari ya hekalu katikati ya habari ya mtini, kama alivyomweka mwanamke katikati ya habari ya Yairo.

Saa 2:30 usiku naandika upya. Hoja ya tatu ya muhtasari nimeifuta yote. Mahali pake nimeweka chakula. Kisha nampigia mwinjilisti wa mtaa kumuuliza nani ana mgonjwa nyumbani, nisije nikawahubiria watu nisiowajua. Ametaja nyumba tatu. Jumamosi saa 4:00 asubuhi atanisubiri njia panda, tuzitembelee zote.