Jiko la induksheni Tanga: pesa iliishia ukutani na kwenye sufuria

Watu wakiliona jiko langu huuliza bei kwanza. Lenyewe sikulinunua. Dada yangu anayeishi Uingereza alikuwa anahama nyumba, akalitia kwenye kontena pamoja na vitanda na baiskeli za watoto, likashukia Dar es Salaam, likafika Tanga kwa lori. Kilichonitoa pesa ni waya wa kuliwasha na sufuria za kulipikia. Anayepanga kununua la kwake, awe ameahidiwa kama mimi au amelikuta dukani, aanze na hesabu hizo mbili kabla ya kuuliza bei ya jiko.

Ni lile kubwa la kusimama: juu kioo cheusi chenye duara tano, chini oveni mbili na droo. Vijana waliolishusha pale Chumbageni walitukana kimyakimya, maana linapita kilo mia. Uzito huo usimdanganye mtu. Mtoto akikanyaga mlango wa oveni ukiwa wazi, jiko linaweza kuinama mbele. Nyuma yake kuna mnyororo uliofungwa ukutani kwa skrubu.

Utendaji wake nauleza kwa ufupi, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapo. Chini ya kila duara kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unapita humo ukigeuza mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu ya sumaku inayotokea inaamsha mkondo ndani ya kitako cha sufuria. Kwa hiyo kinachojipasha ni sufuria yenyewe. Kioo hupata moto kwa kukaliwa nayo tu. Mama yangu, ambaye amepikia kuni na mkaa maisha yake yote, alilizunguka akasema, "Mwanangu, mimi napika kwa macho. Moto wenyewe uko wapi?" Nikamwambia aweke kiganja juu ya duara linalowaka bila sufuria. Akakataa, na hakukosea. Kioo kilichotoka kukaliwa na sufuria ya wali kinaunguza vizuri tu, na ndiyo maana baada ya kuzima hubaki herufi H inayowaka. Nyumbani sheria ni moja: H ikionekana, hakuna kugusa.

Turudi ukutani. Nyuma ya droo kuna kibati cha taarifa: volti 220 hadi 240, hezi 50, kilowati 10.5. Volti na hezi ni zilezile za kwetu, kwa hiyo hakuna transfoma iliyohitajika. Kilowati ndizo zilizomfanya fundi akae chini. Ukigawa wati 10,500 kwa volti 230 unapata ampia 45 na ushee. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampia 13, inabeba takriban kilowati 3. Kuna watu wanaliunganisha jiko la namna hii kwenye plagi ya pasi, na ukuta ukinuka wanasema umeme wa Tanga mbaya.

Fundi niliyemwita ana leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, na nilimwomba nione. Alinieleza kwamba hakuna anayewasha duara zote na oveni zote kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mafundi wana kanuni: ampia 10 za kwanza zinahesabiwa zote, zinazobaki zinahesabiwa asilimia 30. Kwa jiko langu inatoka kama ampia 21. Akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, kebo ya shaba ya milimita za mraba 6, breka ya ampia 32, na swichi kubwa ya jiko ukutani. Swichi hiyo iko pembeni, siyo juu ya jiko. Siku mafuta yakishika moto hutaki kupitisha mkono juu yake ili uzime.

Mambo mawili nilisisitiza, hata aliposema yanaongeza gharama. La kwanza ni ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba yetu ni ya zamani, na waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu hadi umebaki jina. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Tukachimbia fimbo mpya, akaipima, akaongeza kile kifaa kinachokata umeme unapovuja hata miliampia 30. La pili ni kinga ya umeme kupanda na kushuka, iliyofungwa kwenye bodi. Frijigadi ya dukani haiwezi kubeba mzigo huu, imetengenezwa kwa friji. Na jiko hili ndani yake ni elektroniki tupu. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kinachokufa ni bodi zake, na spea zake huzipati Tanga.

Sasa sufuria. Kabati langu lilikuwa limejaa alumini, kama kabati la kila mtu mjini hapa. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo jiko linawasha taa ya kuuliza sufuria iko wapi, kisha linajizima. Shaba vilevile, na chungu cha udongo ndiyo kabisa. Nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaenda nayo soko la Mgandini, na kila sufuria niliyoonyeshwa niliigeuza nikaibandika sumaku kitakoni. Wauzaji walicheka mwanzoni. Mmoja aliniapia kwamba yake ni stenlesi halisi, na ni kweli ilikuwa stenlesi, lakini sumaku ikadondoka. Stenlesi ziko za aina nyingi. Inayofaa ni ile ambayo sumaku inanata katikati ya kitako, siyo ukingoni tu, na kitako chenyewe kiwe bapa. Karai la mviringo halifai.

Kilichotushangaza wote ni kwamba chuma cha chapati cha mama, kile cheusi kizito alichokirithi, kilishika mara moja kuliko sufuria zote mpya. Tangu hapo akaanza kuliheshimu jiko. Chapati zinatoka sawasawa kwenye namba 6, mradi ukiache kwanza kipate moto taratibu kwa namba 3. Chuma kizito kikirushiwa nguvu zote kwa ghafla kinaweza kupinda, na kikipinda hakilali tena kwenye kioo.

Kuna bamba la chuma linalouzwa la kuweka chini ya sufuria za alumini. Silipendi. Bamba linakuwa la moto kali, kioo kinateseka, na umeme unapotea njiani. Bora sufuria tatu za kweli kuliko kumi za kubahatisha.

Pwani jiko hupimwa kwa wali, na wali wetu ni wa kupalia: maji yakikauka unaweka makaa juu ya mfuniko, moto wa chini unaupunguza. Juu ya kioo huwezi kuweka kaa la moto, hata ungekuwa na ujasiri gani. Oveni ndiyo iliyoziba pengo hilo. Wali wa nazi nauchemsha kwenye duara, tui likikauka naifunika sufuria na kuihamishia kwenye oveni ya nyuzi 150, inayopasha juu na chini. Sufuria hiyo lazima iwe na vishikio vya chuma, na kifundo cha mfuniko kisiwe cha plastiki. Mkate wa kumimina nao ni hivyohivyo. Mchele ulioroweka na kusagwa, tui, sukari, iliki na hamira, ukishaumuka naumimina kwenye kikaangio kilichopakwa mafuta, naanza na namba 3 hadi kingo zishike na vitundu vitokeze, halafu oveni ya nyuzi 180 inamalizia uso. Mama alionja, akanyamaza, akakata kipande cha pili.

Hatari kubwa niliyoiona kwenye jiko hili ni kasi. Lina kitufe cha nguvu za ziada, kizuri kwa maji na kibaya kwa mafuta. Mafuta machache ndani ya kikaangio chepesi, ukiwasha nguvu hizo na kugeuka kumenya kitunguu, yanaweza kufika kwenye kuungua kabla hujamaliza kukimenya. Kwenye mkaa ulikuwa na muda wa kwenda hadi uani kumjibu jirani. Hapa huna. Mafuta naanza namba 4, wala siondoki. Mfuniko wa chuma unakaa karibu wakati wote wa kukaanga: yakiwaka, unafunika na kuzima, na maji hayaguswi.

Vijiko, visu, uma na mifuniko haviwekwi juu ya kioo. Duara likiwashwa kwa bahati mbaya, vinaweza kupata moto na kumuunguza atakayevishika. Jiko lina kufuli ya vitufe, unashikilia alama ya ufunguo kidogo na vyote vinalala. Tuna wajukuu, kwa hiyo linafungwa kila likimaliza kazi. Na mgeni aliyewekewa betri ya moyo tunamwomba akae mbali, angalau sentimita 60 kutoka kwenye duara linalowaka, na amuulize daktari wake kabla hajaamua kulipikia.

Usafi ndipo desturi zetu zinapogongana na kioo. Sisi tunasugua masizi kwa mchanga, majivu au steliwaya. Vyote vitatu vinakwaruza. Hata usipokisugua kioo chenyewe, sufuria iliyosuguliwa mchanga nje ya nyumba inarudi na chembe kitakoni, ukiiburuta imechora. Kwa hiyo kitako kinafutwa kwanza, na sufuria inanyanyuliwa, haiburutwi. Uchafu wa kila siku unatoka kwa kitambaa laini, sabuni ya vyombo kidogo na maji ya uvuguvugu, kioo kikishapoa. Alama nyeupe za maji zinaondoka kwa siki. Kioo si kibao cha kukatia, na juu yake hakuna rafu ya makopo, kwa sababu kopo moja likidondoka kwa ncha linatosha kukipasua. Kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, unazima swichi ya ukutani na hupiki tena hadi kibadilishwe. Maji yakipenya humo yanakutana na umeme.

Sukari haifuati kanuni ya kusubiri. Kashata, halwa, jamu ya embe, chochote chenye sukari kikimwagika, lazima kitolewe papo hapo kioo kikiwa bado cha moto. Sukari ikipoa inanata na kioo, na ukiibandua inaondoka na vipande vyake. Nina kikwangua chenye wembe kwa kazi hiyo. Nazima duara, navaa glavu ya oveni, naisukuma sukari hadi pembeni, mengine yasubiri. Plastiki na karatasi ya foili zikiyeyuka, ni vivyo hivyo.

Chini kuna feni inayopoza elektroniki, na inaendelea kuvuma baada ya kupika. Wengi wetu tumezoea kukimbilia swichi ya ukutani ili kuokoa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Iache feni imalize ndipo uzime. Usijaze magazeti na vitambaa mahali inapovutia hewa. Mimi huifuta midomo ya hewa mara kwa mara kwa brashi kavu, maana mjusi, sisimizi na mende wa Tanga wanapenda penye uvuguvugu.

Kuhusu LUKU, nitatoa mfano unaoweza kuupima mwenyewe. Lita 2 za maji ya bombani, kuyafikisha kwenye kuchemka, zinakula kama uniti 0.2. Sisi tuko T1, kundi la watumiaji wa kawaida, ambapo uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, karibu 356 zikijumlishwa, kwa hiyo maji hayo ni shilingi 70 hivi. Aliye kwenye D1, lile kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, ajue kwamba jiko kama hili litamtoa humo mapema. Oveni ndiyo inayokula. Nikiwasha kwa ajili ya wali, mkate unaingia humohumo baadaye. Maharage yanaroweka usiku kucha, kisha yanaenda kwenye presha kuka ya stenlesi.

Mkaa haujafukuzwa nyumbani. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami naunga mkono kwa sababu ya mapafu ya mama. Lakini samaki wa kupaka bila moshi wa kaa sijamkubali bado. Vitumbua pia, kwa kuwa kikaango chake kina mashimo na hakigusi kioo sawasawa.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, nazima swichi ya ukutani, nahamia kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, na siwashi tena hadi taa zitulie. Ukirudi, oveni inaonyesha sifuri zinazowakawaka na haitoi joto hata ukizungusha kila kitufe. Haijaharibika. Inataka uiwekee saa kwanza.