Nilivyoirudisha kazini mashine chakavu ya kuunga bomba za HDPE

Mashine niliyokabidhiwa ni ile ya haidroliki, inaunga kwa joto bomba za HDPE, zile za plastiki ngumu za maji, za kipenyo kuanzia milimita 63 mpaka 160, na kila aliyewahi kuishika alikuwa na neno lake. Mara haishiki joto, mara jointi zake zinavuja, mara ikauzwe skrepa tu. Mradi ulikuwa wa maji ya kijiji huko Singida, 160 ya PN10, yaani ya kubeba presha ya bar 10, kutoka kisimani kwenda tanki alafu 110 na 90 kushuka kwenye vilula, na hela ya kukodi mashine nyingine hamna. Kwa hiyo ikabidi niifufue hiyohiyo.

Nilianza na pleti, maana HDPE ya kuchomelea haina gundi wala nati, jointi yote inategemea ile sahani ya moto. Kioo cha mashine kilikuwa kinaonyesha digrii 220 safi kabisa, ila nilipoazima kile kipima joto cha kugusa na kuipima pleti yenyewe, katikati ilikuwa karibu karibu lakini pembeni upande mmoja haifiki hata 200, na plastiki hii inataka usoni pale uwe unacheza 210 mpaka 230. Sensa ilikuwa imelegea kwenye tundu lake, nikaikaza. Bado. Nikachukua multimita nikapima umeme, kwenye jenereta volti 230, kwenye plagi ya mashine hita ikiwa inavuta, 190. Kumbe waya wa ekstensheni ni mrefu halafu mwembamba kama wa taa ya kitandani! Watu wengi hawajui hili, umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190 hita haipungui kidogo, inabaki na kama theluthi mbili tu ya nguvu yake, na upepo wa Singida ule wa kiangazi unavyopuliza pleti itapona saa ngapi. Tukakata waya ukawa mfupi, tukaweka wa 4 mm, jenereta ikawa inasogezwa na toroli kufuata mtaro. Pleti ikaanza kupanda vizuri na kutulia, nikawa naipa dakika kumi za ziada baada ya kioo kufika 220 ili joto lienee mpaka pembeni.

Teflon yake, ule utando wa kuzuia plastiki isinate kwenye pleti, ndo ilikuwa imeliwa vibaya, inaonekana watu walikuwa wanakwangua plastiki iliyoganda kwa kisu. Hiyo hamna ujanja, ilienda Dar kupakwa upya. Iliporudi nikaweka sheria saiti: pleti haiguswi na chuma. Ikiwa ya moto inafutwa na kitambaa cha pamba kikavu, hivi vya nailoni vinayeyuka vinabaki palepale, plastiki iliyong'ang'ania inatolewa na kijiti cha mti, na ikiwa ya baridi inapanguswa na spiriti safi, siyo petroli wala thina. Ikitoka kwenye bomba inarudi kwenye ala yake, haiwekwi chini. Na kila asubuhi kabla ya kazi tunayeyushia vipande viwili vya bomba mbovu tunavitupa, hapo vumbi la usiku linaondoka na plastiki. Madogo walikuwa wananung'unika eti tunapoteza muda.

Upande wa haidroliki, nilifunga klempu, zile zinazobana bomba, nikapandisha presha nikazima pampu, nikaangalia geji. Sindano ikawa inashuka pole pole. Oili haikuwa inadondoka popote, ikabidi nifute kila kitu kikauke ndo nikaona unyevu kwenye kapla za hosi, zile za kubonyeza, oringi zimekatika kwa mchanga. Nikabadili oringi, nikamwaga oili yote iliyokuwa nyeusi nikaweka mpya namba 46 kama kitabu chake kinavyosema, nikachezesha silinda mbele nyuma mpaka hewa ikaisha. Zile kofia za kapla zilizopotea nikaziba kwa mfuko na mpira wa ndani wa baiskeli. Presha ikakaa.

Sasa kuna kitu kinaitwa presha ya kuburuta, hiki ndo nimekiona mafundi wengi wanakiruka. Bomba la mita 12 lina uzito wake, na klempu inayotembea inatumia presha fulani kulivuta tu kabla hata halijagusa mwenzake. Unapandisha taratibu, pale klempu inapoanza kusogea unasoma geji, hiyo unaiandika. Bomba letu la 160 unene wa ukuta ni 9.5 mm, na silinda za mashine yetu zina eneo la sentimita mraba 5.85, ukipiga hesabu ya nyutoni 0.15 kwa kila milimita mraba ya plastiki unapata kama bar 11.5. Lakini kama kuburuta kwenyewe kunakula bar 8, unaweka 19.5. Ukiweka 11.5 peke yake plastiki inapata bar 3 na nusu tu, jointi kwa nje itapendeza lakini ndani haijashikana. Na hiyo ya kuburuta inapimwa kila bomba, maana kwenye mlima ni nyingine na kwenye tambarare ni nyingine. Tulitafuta rola tukaweka chini ya bomba, ikashuka sana.

Kuchomelea kwenyewe kwa hiyo 160 tulikwenda hivi. Randa ya kunyoosha ncha za bomba kwanza, mpaka maranda yatoke marefu bila kukatika pande zote mbili, yakikatika katika ujue bado hapajanyooka au kisu ni butu. Randa inaachwa isimame ndo inatolewa, maranda yaliyoingia ndani ya bomba unayatoa bila kugusa ule uso na mkono, jasho tu linatosha kuharibu. Unazikutanisha, unaangalia kama mwanga unapita, na kama bomba moja limepanda juu ya mwenzake basi isizidi asilimia kumi ya ukuta, yaani kwa letu chini ya milimita moja. Pleti inaingia, presha kamili mpaka biidi, ule ukingo wa plastiki iliyoyeyuka, ivimbe milimita 1.5 kuzunguka kote, kisha unashusha presha karibu na sifuri na unaacha joto liingie sekunde 95. Hapo husukumi kabisa, ukisukuma unaikamua plastiki iliyoiva yote inatoka nje. Pleti ikitoka una sekunde zisizozidi 8 ziwe zimeshakutana, na presha unaipandisha kwa ulaini, usizigonganishe.

Halafu dakika 13 za kupoa presha ikiwa palepale. Hapa ndo ugomvi wote ulipo bana. Kilomita moja ya bomba za mita 12 ni jointi 83 hivi, na kila moja inakula dakika ishirini na kitu ukijumlisha yote, ni saa kama 30 za kazi. Fomeni alikuwa anakuja, "Fundi, si uimwagie maji tu tufungue?" Namwambia bosi wangu hapana, ukiimwagia maji nje inaganda ndani bado inavuta, nyufa zinabaki. Siku nyingine nilimpa yeye saa ashike, akatulia.

Upepo tuliupiga kwa turubai, na ncha za mbali za bomba tukaziziba kwa mifuko, maana bomba refu likiwa wazi linavuta hewa ndani kwa ndani na kupoza jointi hata kama nje umekinga.

Kila jointi ilipewa namba kwa maka nyeupe pamoja na presha na muda kwenye daftari. Biidi ya nje nilikuwa nazikata baadhi, nazikunja kinyume, zikifunguka mstari katikati au zikiwa na vumbi ndani jointi hiyo inakatwa bila mjadala. Tulikata chache siku za mwanzo, zote za saa kumi jioni upepo ulipokuwa mkali, tukahamisha kuchomelea kukawa asubuhi, na mchana kukawa kuchimba na kulaza. Tulipopiga presha laini yote ya 160, kilichovuja ni flanji ya valvu, gasketi ilikaa vibaya.

Visu vya randa ndo bado shida mpaka leo. Vina makali pande mbili, ukigeuza vyote umemaliza, na vipya vinachelewa kufika. Kwa sasa namtumia fundi anayenoa visu vya mashine za mbao, bei yake rafiki, ila lazima umsimamie asibadilishe engo na avinoe vyote vilingane, maana kimoja kikizidi kidogo bomba linatoka na ngazi.