Drafti ya vizibo, mimi siachi

Gemu za kwenye simu nimezijaribu na karibu zote nimezifuta, ila ubao wa drafti pale kijiweni hauniishi hamu. Vizibo 12 vya soda upande wangu vimelala kifudifudi, 12 vya mwenzangu vimelala chali, ubao ni kipande cha plaiwudi kimechorwa visanduku 64 kwa makapeni, basi. Hakuna bando wala chaji.

Sheria mtoto wa darasa la pili anazielewa hapohapo: unatembea mshazari kwenda mbele, ukikuta kete ya adui na nyuma yake pako wazi unaruka unakula, ukifika mwisho unapata kingi. Sasa ile sheria ya kwamba kula ni LAZIMA, utamu wote umejificha hapo. Maana mtu akikulazimisha kula ameshakushika mkono anakupeleka anakotaka yeye. Fundi anakuachia kete ya bure, unakula unacheka, anakupa ya pili, roho inakwambia usile lakini huna ruhusa ya kukataa, unakula, afu unasikia kizibo chake kinagonga ubao ta! ta! ta! kete tatu zimeondoka na jamaa kashaingia kingi. Na kingi ya kwetu haitambai hatua mojamoja, inakata mstari mzima kona hadi kona, hapo andaa kumpisha anayefuata.

Ludo nacheza pia, ila ukifungwa ludo unasingizia dadu, karata unasingizia mgao. Drafti kila kitu kiko wazi mezani, alichokiona yeye na wewe kilikuwa mbele ya macho yako, hukukiona tu. Inauma jamani! Ndo maana hata watazamaji hawatulii, huyu anaguna, yule kashika kichwa, na wewe unaanza kusoma sura zao badala ya ubao (wizi huo, ila nani hafanyi).

Bao naliheshimu, lakini lile kuna kunamua, kuna mtaji, kuna nyumba, kuna takasa, mgeni siku ya kwanza atabaki anauliza maswali tu. Drafti anakaa anacheza, kufungwa ndo kutamfundisha.

Halafu usione ni kamchezo kadogo. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba drafti ile ya Kiingereza, pande zote mbili zisipokosea, inaisha sare. Kompyuta zilianza hesabu hiyo tangu 1989, na mikao ya kete inayowezekana ni kama 5 ikifuatwa na sifuri 20! Nilivyomsimulia mzee mmoja kijiweni akanijibu, "Hiyo sare ya kompyuta, wewe kaa nikufunge."

Na ana hoja, maana ile yao kingi inakwenda hatua moja moja, yetu inaruka, hesabu ni nyingine kabisa. Hata sisi wenyewe sheria hatujakubaliana, kila kijiwe na zake. Kwenu kete ya kawaida inaruhusiwa kula kurudi nyuma? Maana hapa kwetu hiyo ndo inaleta ugomvi kila jioni.